Pikipiki ya Padre na Mtamba wa Wanjira

Ubao wa kitanda uligongwa gizani: tok. Kimya kidogo, kisha tok tena. Nilijua ni mguu wa mume wangu Njuki. Tangu aione ile pikipiki alikuwa akiipiga kiki usingizini, na kwa kuwa chumba chetu pale mtaa wa Dallas, mjini, kilikuwa kimoja na kitanda kimoja, tuliipiga sote.

"Imewaka?" nikamwuliza.

"Bado," akajibu, macho amefumba. Kisha akaamka kweli. "Nimekuumiza?"

"Umeumiza ubao. Mimi nimeshajua kukunja miguu."

Wanjira, binti yetu wa pili, alikuwa amelala katikati yetu na kiganja chake juu ya sikio langu. Alikuwa hajafika miaka minne. Hakuamka, ingawa jambo lenyewe lilimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Njuki alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kisasa. Kwa miaka mingi gari la serikali lilipita barabarani kila asubuhi, na mwenye ng'ombe aliye na joto la kutaka dume alimngojesha kando ya njia, kwenye kile kibanda cha mbao cha kumbana asirushe mateke. Njuki alishuka, akavaa glavu ndefu, akamaliza, akapanda gari. Mwanzoni mwa miaka ya tisini gari likaacha kupita. Wafanyakazi wakaambiwa wanaweza kujitegemea. Njuki akajitegemea kwa baiskeli, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira.

Kutoka mjini hadi Kanja ni mlima, na kutoka Kanja hadi Kibugu ni mlima juu ya mlima. Ng'ombe akianza kulia kwa joto asubuhi, jioni yake anataka kuhudumiwa. Kesho yake ameshasahau. Mara nyingi Njuki alifika kesho yake. Watu hawakumkasirikia. Walimpa chai, na walipomaliza kumpa chai wakampa habari kwamba fahali wa jirani alishapita.

Pikipiki ilikuwa ya Kathuri, katekista wa Kibugu. Padre mmoja mgeni aliiendesha miaka ya sabini akapanda nayo vilima vyote vya parokia, na alipoondoka akamwachia Kathuri, ambaye sasa naye magoti yalikuwa yamemkatalia. Tangi lake lilikuwa la buluu iliyochubuka, matairi yana meno makubwa ya kushika matope, na ekzosi imepindishwa juu ili isinywe maji ya mto. Umri wake ulikaribiana na wangu. Kathuri hakutaka pesa. Ng'ombe wake alikuwa amekufa, kwa hiyo alitaka mtamba.

Mtamba alikuwepo, lakini hakuwa wetu. Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Mama yangu aliposikia kwamba kuna Wanjira mwingine duniani, alishuka kutoka Kibugu na ndizi na kibuyu cha uji, akatangaza kwamba ndama jike aliyezaliwa zizini kwake mwezi ule ni wa mwenzake wa jina. Tangu siku hiyo ndama akawa mali ya mtoto, akitunzwa na bibi yake. Mimi nilikuwa nimeshampangia kazi: akue, azae, maziwa yake yamsomeshe Wanjira mchana, katika umri wake, wala si jioni kama mimi, niliyekuwa nikijifunza hesabu katika darasa la watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni anayepiga chafya kwa vumbi la chaki.

Sasa mtamba alikuwa na mimba kubwa. Njuki mwenyewe ndiye aliyempandisha, kwa mbegu aliyoichagua kwa muda mrefu kuliko alivyonichagua mimi, kama mama yangu alivyopenda kusema. Kila Jumapili tulipopanda Kibugu alimbeba Wanjira akamwekea kiganja kwenye ubavu wa mtamba, wangoje teke.

"Ndama wa nani?"

"Wangu."

"Na baba je?"

"Baba hana."

Hayo yalikuwa maongezi yao yote, na hayakuwachosha.

Jumapili ile hatukuanzia zizini. Tulimkuta mama jikoni akimenya viazi. Njuki akakaa kwenye kigoda cha mbali, macho chini, kama mkwe anavyokaa.

"Baba Kanini," mama akasema, akimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "nimesikia unataka kuwa fahali wa injini."

Njuki akacheka akitazama sakafu. "Mama, baiskeli imenishinda."

"Baiskeli haina makosa. Ni mlima. Sasa unaniomba ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mwenye ng'ombe." Akaelekeza kisu kwa Wanjira. "Mwenyewe ni yule anayetafuna kiazi kibichi. Mwulizeni."

"Mama, yule ni mtoto," nikasema.

"Yule ni mimi. Unaniita mtoto?"

Mama akafuta kisu kwenye kanga, akaeleza jinsi mambo yatakavyokwenda. Wanjira ataiona pikipiki kwa macho yake. Ataulizwa mbele ya Kathuri, kabla ya kamba kubadilishwa. Akilia, mtamba anarudi zizini na maneno yameisha. Akisema neno, neno ni hilo.

"Na asifundishwe njiani," akaongeza, akinitazama mimi.

Hakukuwa na haja. Mimi mwenyewe sikujua ningemfundisha aseme nini. Njiani, mtamba akiongozwa mbele yetu kwa kamba yake, nilitamani Wanjira alie, ili kukataa kusiwe kwangu. Tulipovuka kijito nikamtazama Njuki anavyobeba ule mtungi begani, nikatamani asilie.

Kathuri alitungoja uani katika manyunyu, na kamba mpya ya katani mkononi. Kwetu mwenye kuuza ng'ombe hurudi nyumbani na kamba yake, na mnunuzi huja na ya kwake. Mama akamweleza habari ya mwenye mali. Kathuri hakucheka.

"Hata mimi niliwahi kuwa na mbuzi wa jina," akasema. "Neno atakalosema huyu, mimi nitalifuata." Na Kathuri hakuwa mtu wa kumeza maneno yake.

Njuki akaishika injini kwa kiganja. Ilikuwa baridi kama jiwe la mto, maana yake Kathuri hakuwa ameiwasha kwanza ili kutufurahisha. Akaufunga mtungi nyuma, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Hii kazi naijua," nikasema. "Anaifanya kila alfajiri."

"Vuta hiyo ya kando," Kathuri akamwambia. "Inaamka kama mzee. Lazima uiambie kuna chai."

Ikawaka. Moshi wa samawati ukaujaza ua, kuku wakakimbilia ghalani, na Njuki akaondoka nayo kwenye kinjia kilichopanda katikati ya majani chai, matope yakiruka nyuma yake. Tulimwona hadi kilele cha kwanza. Kisha tukaisikia tu sauti, ikififia kuelekea msituni, halafu hata sauti hatukuisikia. Wanjira alikuwa amenishika sketi. Nilimfikiria mama mmoja wa Kanja aliyewahi kumngoja Njuki jioni nzima na taa mkononi. Kando yangu mtamba alisimama na tumbo lake limeelemea upande mmoja, akilamba ukuta wa jiko la Kathuri kwa ajili ya chumvi ya majivu.

Njuki alirudi na matope hadi magotini. Mtungi haukuwa umesogea.

"Breki ya mbele haipo," akasema. "Ya nyuma inabembelezwa. Lakini inapanda."

"Padre alikuwa akiisimamisha kwa maombi," Kathuri akasema.

Wakasemezana masharti wamesimama. Kathuri akataja anachotoa: pikipiki, kofia ya padre, tairi moja la akiba. Njuki akataja anachotoa: mtamba mzima, mpole, hajawahi kuugua. Wakataja rangi yake na pembe zake. Tumbo halikutajwa. Njuki, aliyelijua lile tumbo kuliko mtu yeyote katika mteremko ule, alilipita kabisa, maana katika kazi yake akishaosha glavu, ndama ni habari ya mwenye ng'ombe. Hata mimi sikugundua kwamba limeachwa hadi dakika moja baadaye, pamoja na wengine.

Kathuri akaanza kuipeleka kamba mpya shingoni.

"Ngoja," mama akasema.

Akamnyanyua Wanjira akamkalisha juu ya tangi la buluu, aone anachopewa. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mwenzangu, hawa wanataka ng'ombe wetu, watupe hiki. Baba atakuwa akienda nacho kazini. Unasemaje?"

Wanjira akagusa usukani. Akagusa kioo cha taa, akajiona ndani yake. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinamia viatu vyake kana kwamba anasubiri majina ya waliofaulu yasomwe. Kisha akateleza chini mwenyewe, akavuka ua, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mtamba, pale pale alipozoea, akangoja. Tulingoja naye. Manyunyu yaliendelea. Nadhani teke lilikuja, kwa sababu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

"Sema kwa nguvu," mama akamwambia, "mzee asikie."

Wanjira akamgeukia Kathuri na kamba yake.

"Ng'ombe mchukue, lakini ndama ni wangu."