Maili Tisa

Jumamosi moja ya Aprili, Virgil Tackett alikunywa kahawa yake akiwa amesimama, kisha akaenda gerejini nyuma ya nyumba kulifuta gari lake. Alianza na boneti, akafuata milango, akamalizia vioo. Alipofika upande wa abiria aligonga kwa kidole, na mke wake Oleta, aliyefariki Januari ya mwaka tisini na sita, akarudisha kichwa nyuma ili paji lake la uso lisiache alama kwenye kioo. Walikuwa wameshazoeana hivyo.

Gari lilikuwa jeusi tii, la mwaka themanini na saba, injini ya silinda sita yenye turbo, na enzi zake liliyatia aibu magari ya kigeni ya bei mara mbili. Hapa Flint, mji wa viwanda vya magari, kila mtu alikuwa na shemeji au binamu aliyewahi kukaza boliti kwenye gari la aina ile. Ilipotangazwa kwamba hayatatengenezwa tena, wanaume wanne wa mtaa wetu walinunua kila mmoja la kwake, wakaapa kuyafungia ndani mpaka yawe mali. Watatu walishindwa. Kiangazi kilipoingia waliyatoa, wakazungusha tairi hadi zikafuka moshi mbele ya kanisa, wakawapeleka wake zao ziwani, na leo magari yale ni vyuma chakavu na picha nzuri ukutani. Virgil peke yake ndiye aliyetimiza kiapo. Alilitoa dukani, akaliendesha maili tisa hadi nyumbani, akalizima.

Oleta aliomba kupandishwa tangu wiki ya kwanza. "Nipeleke hata kanisani, Virgil. Mara moja tu, wanione na mimi."

"Subiri kidogo, Leta," Virgil alimjibu, na akaendelea kumjibu hivyo kwa miaka minane.

Asubuhi ile ya Januari theluji ilikuwa imefika madirishani, na Oleta kifua kilimbana. Pikapu iligoma kuwaka kwa baridi. Lile jeusi lilikuwa gerejini, betri kwenye chaja, tayari. Oleta alivaa koti lake la buluu, akachukua mkoba na kadi ya hospitali, akaenda mwenyewe kukaa kiti cha mbele juu ya nailoni ya kiwandani iliyofunika viti, akafunga mkanda. Hospitali iko maili sita. Virgil alisimama mlangoni, funguo mkononi, akitazama barabara. Malori ya jiji yalikuwa yameshapita yakimwaga chumvi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hiyo hula gari kuanzia chini, hilo hapa hata watoto wanalijua. Akasema ambulensi iko njiani. Kwa theluji ile ilichukua dakika hamsini kufika, na ikamkuta Oleta ameshakata roho.

Tulimzika Jumatatu. Jumanne Virgil alipokwenda kuangalia chaja alimkuta amerudi kitini, na koti lake la buluu, mkoba mapajani, mkanda umefungwa.

"Tunaondoka?" aliuliza Oleta.

"Subiri kidogo," alisema Virgil.

Mchungaji aliitwa. Aliomba sala fupi, kisha akaomba afunguliwe boneti aone turbo. Majirani tulipeleka vyakula, tukachungulia, tukampungia Oleta mkono, naye akatupungia. Shida yake haikuwa kubwa, na aliisema waziwazi kwa yeyote aliyemuuliza: "Mnifikishe tu mlangoni pa hospitali. Nitashuka mwenyewe." Binti yake Rhonda, mpishi wa shule, alimkumbusha baba yake jambo hilo kila Krismasi kwa miaka ishirini na saba. Mzee alimjibu kwamba gari la maili tisa na gari la maili kumi na tano ni vitu viwili tofauti.

Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, magoti yamekwisha, na chumba alichopata kwenye nyumba ya wazee hakikuwa na gereji. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo tangazo aliliandika Rhonda: jeusi, turbo, maili tisa, halijaonja chumvi, nailoni za kiwandani bado ziko kwenye viti. Mwishoni akaongeza kwa hiari yake: kiti cha abiria kina mtu.

Wengi walipiga simu. Mmoja aliuliza kama huyo mtu anavuta sigara. Rhonda akasema hapana, na yule mtu akasema basi hamna neno.

Aliyekuja Jumamosi hiyo ya Aprili aliitwa Kessler, bwana mmoja kutoka Arizona mwenye viatu visafi mno kwa matope yetu ya Aprili. Alikuja na trela lililofungwa pande zote, dereva wake, tochi, na kidude cha kupimia unene wa rangi. Alipima kila mlango, akalala chini akamulika uvungu, akasoma namba za injini na za bodi akaona zinalingana. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Habari za asubuhi, mama. Samahani, hebu inua miguu kidogo nione zulia."

Oleta aliinua miguu.

"Amekaa hapa tangu lini?"

"Tisini na sita," alisema Virgil.

"Kwa hiyo si wa kiwandani."

"Si wa kiwandani, hapana. Lakini nailoni haijachanika, waweza kuangalia."

Kessler aliangalia, akaridhika. "Usijali, mzee. Haya yaliyotunzwa sana mengi huja hivi. Ninalo moja nililolitoa Ohio, lina mtoto kiti cha nyuma na glavu yake ya besiboli. Mtulivu, hana fujo hata kidogo."

Rhonda alikuwa amesimama karibu na mlango wa gereji. Aliingia, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, leo ni leo. Barabara kavu, mvua imeshaosha chumvi yote. Maili sita tu. Mshushe mama, halafu huyu bwana achukue bati lake aende nalo."

"Bati?" alisema Virgil.

"Bati, baba! Mama yangu alikaa humo anakufa na wewe unatazama barabara!"

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mtaa mzima tulijua na mtaa mzima tulikuwa tukimsifia gari, na aibu hiyo ni yetu pia. Virgil alitoa funguo, akaufungua mlango wa dereva, akaketi polepole kwa ajili ya magoti. Oleta alijiweka sawa, akapapasa mkoba.

"Kadi ninayo," alimwambia.

Virgil akawasha. Injini iliitika mara moja, na ile turbo ikapiga mluzi wake mwembamba ambao mtaani kwetu haukuwa umesikika tangu Rhonda akiwa kidato cha kwanza. Rhonda alianza kulia. Alikimbia kuliondoa gari lake dogo lililoziba njia.

Kessler aliinama dirishani. Hakupandisha sauti. "Mzee, sikuzuii, gari ni lako. Lakini mimi nilifuata tisa. Likigeuka kumi tu, narudi zangu na trela langu."

Virgil alitazama dashibodi kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa juu ya gia. Rhonda alikwisha kusogeza gari lake, njia ilikuwa nyeupe hadi barabarani.

Alizima.

"Subiri kidogo, Leta," alisema.

Oleta alifunga mkoba.

Gari lilisukumwa kwa mikono hadi kwenye trela, magurudumu ya nyuma yameinuliwa juu ya toroli, ili mita ya maili isije ikasogea. Rhonda alimvuta kando yule dereva, kijana wa watu mwenye huruma, akamwomba apitie barabara ya hospitali. Akakubali. Rhonda alifuata nyuma. Kwenye taa za barabarani, mbele kabisa ya mlango wa dharura, trela lilisimama kwa taa nyekundu, na kutoka ndani honi ya lile gari ikalia mara moja, fupi, ya mtu asiyetaka kusumbua. Rhonda alishuka, akakimbia, akapigapiga ubavu wa trela. Taa ikawaka kijani, na waliokuwa nyuma wakaanza kumpigia kelele aondoe gari njiani.

Mwezi Juni Kessler alituma picha, mtu muungwana. Ilionyesha ghala lenye kiyoyozi na magari kumi na mawili yaliyopangwa mstari, mengine matupu, mengine na mtu wake. Oleta alikuwa katika la tatu, koti la buluu, uso umeelekea mlango wa ghala. Nyuma ya picha kulikuwa na nyingine ndogo, ya dashibodi.

Virgil alizibandika zote mbili ukutani kwake, kwenye nyumba ya wazee. Rhonda alipokwenda kumtazama aliisogelea ile kubwa, akaishika kwa vidole.

"Si hiyo," alisema baba yake, akamwelekeza kwenye ile ndogo. "Soma hapo. Macho yangu hayaoni."

Rhonda alisoma.

"Tisa, baba," alisema. "Bado tisa."