Posa ya Prosesa

Usiku wa jana niliota ugomvi umeshapamba moto, na mgomvi wangu ni mazabodi ya kompyuta, ule ubao mama unaobeba vipuri vyote. Amekaa mkekani sebuleni kwangu, kajifunga khanga, anasema hamtaki mwanamume niliyemletea.

Mwanamume huyo ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Yuko mlangoni na kanzu yake, kama impasavyo mposaji. Mshenga ni mimi. Namsifu: dukani hakuna mkubwa kumshinda, na binti yangu Tunu huchora ramani za nyumba huku kafungua programu chungu nzima. Kompyuta aliyonayo ikiganda tena, mteja wake wa kwanza anaondoka.

"Ukoo gani?" mazabodi anauliza. "Si kila prosesa anakaa kwangu."

"Sikuuliza."

"Angekuja kumposa Tunu, ungeuliza mpaka babu zake."

Ni kweli. Namjibu kwamba yeye ni ubao tu, nimemchagua kwa kuwa ni rahisi. Ndivyo nilivyomwambia Tunu mchana, nilipoagiza vipuri vya kompyuta yake mpya, aliponisihi nisibane pesa upande huo. Feni ya kompyuta inakohoa kwa adabu.

Sasa tuko uani, kwenye shughuli, na mazabodi ndiye jiko. Ramani inachemka sufuria moja, simu ya mteja nyingine, muziki nao unaungwa nazi pembeni. Prosesa anapika vyote kwa mpigo. Anapika vizuri. Anaomba moto zaidi, na mazabodi anatoa aliojaliwa, mpaka harufu ya plastiki inawafikia wageni. Wanaisifu.

"Mama Tunu," mazabodi ananiambia, bila kinyongo, "uhodari wake siukatai. Lakini umeme anaokula unapita kwangu. Nikiungua, naungua na ramani ya mwanao."

Namshika prosesa mkono nimtoe. Mkono wenyewe ni vijiti vitupu vya chuma, vinachoma. Ananishukuru. Anasema hata yeye hakuna aliyemuuliza kama bibi harusi anamfaa.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Kiganjani nilikuta vidoti vyekundu, safu kwa safu, vimejipanga mraba.

Sikunawa uso. Nilimpigia muuzaji, nikamwambia oda ya jana aifute, yule prosesa wa fahari ampe mwingine. Mimi anitafutie wa kati, pesa zitakazobaki ziende kwenye mazabodi imara. Akauliza ipi.

Tunu alikuwa anapita na mswaki mdomoni. Nikamnyooshea simu.

"Mtajie mazabodi unayoitaka. Prosesa atafuata ukoo wake."

Akautoa mswaki, akaitaja.