Tanga, Dar es Salaam au Lindi

Siku ya tatu tangu wafikie Kariakoo, chumvi iligeuka maji.

Melkiori ndiye aliyegundua. Asubuhi aliinama uvunguni mwa kitanda, akavuta kisahani cha bati alichokiweka mwenyewe, akakipeleka dirishani. Konzi nzima ya chumvi ilikuwa imebaki kama kijiko cha uji, na maji yanacheza pembeni.

"Siku tatu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Tanga ilichukua siku tano. Mama Agnesi, mji huu hautufai."

Mkewe alikuwa bado kitandani, anajikanda magoti kwa mafuta ya nazi. "Mimi sikuja huku kuitafutia chumvi mahali pa kukaa," akajibu.

Walikuwa wametoka Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa Machi mwaka 1934. Kwa miaka minne baridi yabisi ilikuwa imemkamata Candida magotini, mpaka kutoka jikoni kwenda mgombani ikawa safari. Mganga wa zahanati ya misheni alimjaribia dawa zote alizokuwa nazo, mwisho akamwambia waziwazi: "Mama, dawa yako haimo kwenye chupa. Iko pwani. Teremka kwenye joto, ukae hukohuko."

Melkiori hakupinga. Usiku mkewe akiugua, yeye ndiye aliyekuwa akiamka kuchochea moto. Lakini alikuwa fundi viatu, tena fundi mwenye jina. Mapadri na walimu wa upande ule wote walitembelea viatu vyake. Na fundi viatu anajua adui wa ngozi ni unyevu, na pwani yote, toka juu hadi chini, ni unyevu mtupu. Kwa hiyo wakapatana: miji mitatu, wiki mbili kila mmoja, kisha waamue pamoja. Tanga, kwa sababu treni ya Moshi inaishia huko na binamu yake Kasmir anafanya kazi relini. Dar es Salaam, kwa sababu iko njiani. Na Lindi, kwa sababu mtu wa kwao aitwaye Anaeli aliandika barua kwamba upepo wa kule ni mwepesi na viatu vyake havijaota kuvu mwaka mzima. Melkiori aliisoma barua ile mara nyingi hata ikachanika kwenye mikunjo. Kipimo cha chumvi kilikuwa chake pia. Chumvi haina upendeleo, alisema.

Tanga haikuwa mbaya. Joto liliyalegeza magoti ya Candida tangu wiki ya kwanza. Ila nyumba ya Kasmir ilikuwa mbali na watu, na mke wa Kasmir alikuwa amekwenda kwao kujifungua. Candida alishinda barazani akitazama mabehewa yakisukumwa mbele na nyuma. Siku ya kuondoka alimwambia mumewe, "Sikuumwa sana. Lakini hata kuishi sikuishi."

Hapa Kariakoo walipanga chumba kwa Bi Mauza, mjane wa Kiarabu mwenye nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu. Masika yalikuwa yamechanganya. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa fujo, ikikatika jua linaichemsha barabara mpaka mvuke unapanda miguuni kama wa chungu kilichofunuliwa. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilikuwa mbichi hadi Alhamisi. Njiti za kiberiti zilikuwa zikichubuka tu bila kuwaka. Melkiori alikuwa akivuja jasho tangu anapoamka, na jasho lenyewe halikauki, linabaki naye kutwa kama mdai.

Baada ya chumvi, akaliendea sanduku lake. Lilikuwa sanduku la mninga lenye kufuli, na ndani yake aliweka ngozi nne alizozichagua kwa mkono wake, za kuanzia kazi popote watakapotua. Akafunua mfuniko. Ngozi zilikuwa zimeota manyoya ya kijani.

"Tulisema wiki mbili," Candida alimkumbusha.

"Wiki mbili ngozi hizi zitakuwa bustani!" Melkiori akavaa kofia. "Meli ya Lindi inaondoka Jumamosi. Nakwenda bandarini kukata tiketi."

Candida aliendelea kujikanda magoti. Melkiori akalichukua hilo kuwa ndiyo, akatoka.

Alirudi saa saba mchana, tiketi mbili zimo mfukoni mwa koti. Chumba kilikuwa kitupu. Mkongojo wa Candida umeegemea mlango.

Alitazama uani, akatazama jikoni, akagonga chooni. Hakuna. Bi Mauza alikuwa amelala mchana, na wapangaji wengine wapo makazini. Melkiori akauchukua ule mkongojo. Mkewe asingefika hata kwenye kona bila mkongojo. Basi ameanguka mahali. Au amebebwa na watu, na hawajui pa kumpeleka, maana hapa mjini nani anamjua?

Akatoka mbio, mkongojo kwapani, akaelekea sokoni. Kwa mwuza ndizi wa kwanza akatua mzigo wa maswali: mama mfupi, kitambaa cha buluu kichwani, anachechemea?

"Kitambaa cha buluu nimekiona," mwuza ndizi akasema kwa uchungu. "Kuchechemea sikuona. Amenitukania ndizi zangu."

"Amekutukania ndizi?"

"Ameziminya zote moja moja. Eti hizi si ndizi, ni vidole vya mgonjwa. Nikamwambia, mama, kama hutaki nenda zako. Akaenda kule kwenye samaki."

Kwenye samaki walimkumbuka vizuri zaidi. Alisimama muda mrefu mbele ya changu mmoja mkubwa, akauliza kwa nini anauzwa na macho, nani anataka kutazamwa na chakula. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kisha kijana mmoja akamfundisha kutazama mashavu ya samaki ajue kama ni wa leo, naye akayafunua mashavu ya samaki sita na kumkamata wa jana mmoja. Mwenye samaki alikuwa bado hajamsamehe yule kijana.

"Lakini alikuwa amesimama?" Melkiori akauliza. "Hakuwa ameshikilia kitu?"

"Alikuwa ameshikilia samaki wangu," mwenye samaki akasema.

Kwa wauza viazi, kwa mama wa mchicha, kwa mzee wa tumbaku, kote habari ilikuwa moja: amepita, amebisha, amecheka, ameendelea. Melkiori alikuwa hakimbii tena. Alitembea polepole akishangaa, kama mtu anayesimuliwa habari za msichana aliyemjua zamani. Maana huyu waliyekuwa wakimweleza yeye alimjua. Ndiye aliyemwoa. Hakuwa amemwona kwa miaka minne.

Mama wa mchicha alimwelekeza Mchikichini. "Aliniuliza migomba ya karibu iko wapi. Nikamwambia teremka bondeni, kwa Sitara."

Huko bondeni, karibu na mto Msimbazi, palikuwa na bustani ndogondogo zilizolowa maji. Melkiori alimwona mkewe kabla yeye hajamwona. Candida alikuwa ndani ya tope, kanga ameikusanya juu ya magoti, jembe dogo mkononi, anamwonyesha mwanamke mwenye bustani jinsi ya kung'oa chipukizi la mgomba bila kuumiza mama yake. Na alikuwa amechuchumaa.

Melkiori alisimama palepale. Kuchuchumaa! Kule Kilema hata kwenye kigoda alikuwa akishushwa na watu wawili. Alimtazama akiinuka kuchukua kikapu, akachuchumaa tena, bila hata kulalamika, akili yote iko kwenye mgomba. Melkiori akafuta macho, akajifanya anafuta jasho. Safari hii jasho lilimsaidia.

"Mama Agnesi!" akaita.

Candida akageuka. "Ah, umefika. Huyu ni dada Sitara. Amepanda migomba yake juujuu kama mboga, ndiyo maana upepo unaiangusha."

"Umefikaje huku?"

"Si kwa miguu?"

"Bila mkongojo?"

Candida akautazama ule mkongojo mkononi mwa mumewe, akajitazama miguu iliyozama tope, na ikaonekana ndiyo kwanza jambo lenyewe linamwingia. Akaweka kiganja juu ya goti la kulia, kisha la kushoto, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya jirani. "Niliusahau," akasema taratibu. Halafu akaanza kucheka, na Sitara, ambaye hakujua kinachochekesha, akacheka pia.

Mvua iliwakuta njiani. Wakajibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, maji yanamwagika mbele yao kama pazia.

"Tiketi umepata?" Candida akauliza.

"Nimepata."

"Uliniuliza?"

Melkiori akazigusa tiketi mfukoni. "Sikukuuliza."

"Tulipatana tutaamua pamoja. Wewe umesikiliza chumvi na barua ya Anaeli. Magoti haya ni ya nani?"

"Ni yako, mke wangu."

"Tanga yalinyamaza. Hapa yamenisahau. Huko Lindi huenda yakacheza ngoma, sijui. Lakini leo asubuhi ulipotoka nilikuwa na hasira, nikasema ngoja niione hii Dar es Salaam kabla sijaondolewa. Nikasema nafika mlangoni tu. Mlangoni nikasikia kelele za soko, nikasema nafika konani tu. Baba Agnesi, sikumbuki lini nimegombana na watu wengi namna ile kwa siku moja."

Melkiori alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka, akaguna. "Na ngozi zangu?"

"Mimi si fundi ngozi. Tumwulize mwenyeji."

Bi Mauza walimkuta ameamka, anachambua mchele uani chini ya paa la jiko. Wakamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmelowa kama mmetoka kuogelea?"

Melkiori hakuzunguka. Alileta lile sanduku, akalifungua mbele yake. Bi Mauza akachungulia, akavuta mdomo.

"Umezifungia?"

"Kwa kufuli. Ni ngozi nzuri."

"Bwana Melkiori, hata mimi ukinifungia sandukuni masika haya utanikuta nimeota majani." Akainua uso na kuita juu ya ua, "Suud! We Suud! Njoo hapa uone ngozi!"

Suud alikuwa mdogo wake, mshona makubadhi nyumba ya pili, mtu mnene mwenye mikono iliyokauka kama ngozi anayoishona. Alichukua ngozi moja, akaifuta kwa kitambaa cha siki na kuinusa. "Haijafa," akasema. "Ngozi ya huku inataka hewa na moshi. Yangu yote inaning'inia jikoni, juu kabisa, mbali na moto. Kila Ijumaa naipaka mafuta ya simsim. Ukiifungia inaoza, ukiianika juani inapasuka. Ni kama mke."

"Ala!" Bi Mauza akamwonya.

"Kama mume, basi."

Candida alikuwa ametazama juu, kwenye boriti za jiko zilizokuwa nyeusi kwa masizi. "Mama yangu alikuwa akiweka ngozi za mbuzi darini, juu ya mafiga," akasema. "Wewe, Baba Agnesi, ulikuja na sanduku lako la kifundi ukasema huo ni ushamba."

Melkiori hakubisha. Aliomba kamba. Jioni hiyo ngozi nne zilining'inia jikoni kwa Bi Mauza, na fundi mwenyewe alikaa chini yake akikohoa moshi na kuzitazama kama mtu anayeuguza.

Hakuamua palepale. Alikuwa mtu wa kupima, na safari hii aliamua kupima kwa ukamilifu. Tiketi za Jumamosi alizirudisha. Wakamaliza wiki zao mbili, wakaongeza ya tatu. Kuvu halikurudi. Joto ndilo lililozidi kumtesa. Alihamishia mkeka wake koridoni, akawa analala miguu imetazama mlango wa uani apate upepo. Candida aliona, na jioni moja akamwuliza kwa upole, "Na wewe je? Tusije tukaokoa magoti yangu tukakuyeyusha wewe."

Melkiori akafikiri. "Mimi nitavuja jasho Tanga, nitavuja Lindi, nitavuja hapa. Heri nivujie mahali ambapo unanigombeza kwa nguvu zako zote."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Bi Mauza aliwapa chumba cha mbele chenye baraza, na Melkiori akaweka kiti chake hapo. Kazi ilikuwa ya namna nyingine kuliko ya Kilema. Masika yalikuwa yakifumua nyuzi na kubandua soli za mji mzima, na makarani walikuwa wakivuka Mnazi Mmoja viatu mkononi kumletea. Suud alimfundisha kushona makubadhi, naye akamfundisha Suud kuweka kisigino. Walibishana kila siku juu ya uzi, na siku Suud asipofika kubishana, Melkiori alikuwa akituma mtu kuuliza kama ni mgonjwa.

Mwezi wa Desemba binti yao Agnesi, mwalimu wa shule ya misheni huko Kilema, alikuja kula nao Krismasi. Aliteremka bandarini na mizigo yake, akasimama akitafuta watu wake. Alimwona upesi mama yake, maana huyo alikuja akitembea haraka, anapenya kati ya watu, mikono imefunguliwa. Hakumwona baba yake kabisa. Kulikuwa na mzee mmoja tu kando ya mama yake, fulana nyembamba kifuani, kikoi cha mistari kiunoni, makubadhi miguuni, anapepea uso kwa kofia.

"Baba?" Agnesi akasema. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake bila koti. "Baba, umevaa nini?"

"Nyamaza, mwanangu," Melkiori akasema, akimpokea mzigo. "Vumilia wiki moja tu ya joto hili, kisha uje uniulize tena."