Gari Lisilo na la Pili

Mahmudu wa Tororo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likipinduka, likabondeka hata mwenyewe asilitambue, lilipelekwa kwake. Wahindi walipofukuzwa nchini, spea zikaadimika madukani, kazi ikapungua, naye akaanza kujenga gari lake mwenyewe.

Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, fupi kwa kimo, pua imelala chini kama ya mbwa anayenusa njia. Bodi aliitwanga kwa nyundo juu ya gunia la mchanga, bati kwa bati, akaiunga kwa ribiti, misumari inayofungwa kwa kupondwa ncha. Injini aliitoa kwenye Pijo iliyotumbukia mtoni. Taa za mbele hazikufanana. Viti alivishona mkewe, Hajarah, kwa ngozi ya makochi yaliyoachwa na Wahindi hao. Alipoulizwa gari hilo ni la nini, Mahmudu alisema ni la kujaribu tu. Aliwahi kuyaona magari ya Safari Rally yakipita kwa kelele na vumbi, akawaza kwamba hata hayo yaliundwa na watu wenye mikono miwili. Basi.

Habari zikafika kwenye kambi ya jeshi. Siku moja kapteni alikuja na Landrova, akalizunguka gari mara kadhaa.

"Fundi, hii gari gani?"

"La majaribio, afande. La kwanza."

"Ya pili iko wapi?"

"Bado."

Kapteni akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa wewe natengeneza ingine nyingi, ya maofisa. Hii tapeleka Kampala, wakubwa waone."

Mahmudu alimweleza kwamba mabomba ya breki hayapatikani, kwamba magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayoshika. Kapteni akasema breki ni jambo dogo. Akaagiza gari lipakwe rangi ya kijani ya jeshi, akaweka askari wawili mlangoni mwa gereji. Tangu siku hiyo watu wa Tororo wakamwita Mahmudu fundi wa kapteni. Wengine walimwita hivyo kwa heshima. Wengine, wakishamwita hivyo, hawakusimama tena kuongea naye.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mvua za masika zilipokwisha. Asubuhi moja askari wa mlangoni waliondoka bila kuaga. Adhuhuri akaja Okanya, mkulima wa Paya aliyekuwa akimletea mkaa wa kufulia chuma. Hakushusha gunia hata moja.

"Mahmudu, kapteni wako wamembeba," alisema. "Wamemtia kwenye buti ya gari, pale njia panda. Hana viatu."

"Nani wamembeba?"

"Sasa hilo nalo la kuuliza?"

Okanya aligeuza baiskeli yake akaenda zake, asithubutu kuwataja watu wa usalama wa serikali. Mahmudu alisimama akilitazama gari. Alihisi uzito, kama mtu aliyeambiwa ainue kitu ambacho hajakiona.

Hajarah alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza, Nasifu, alikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya, akisoma kwa bibi yake.

"Baba Nasifu, leo hatulali hapa," alisema Hajarah. "Watakuja kuwatafuta watu wake, na mtu wake ni wewe."

"Najua. Lakini huwezi kutembea mpaka Busia."

"Basi nibebe na hilo lako."

"Halijafika hata msikitini, Mama Nasifu."

"Litafika leo."

Alichukua kanga mbili na birika, akaingia kwa taabu, maana mlango ulikuwa mdogo na tumbo kubwa. Wakaondoka mchana kweupe. Watu waliokuwa barabarani walipisha kando na kusimama wima, wakidhani kapteni yumo ndani.

Barabara ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu tupu, nayo ikaligonga gari tumboni njia nzima. Mahmudu hakukanyaga breki hata mara moja. Alipunguza mwendo kwa gia. Karibu na mpaka palikuwa na kizuizi, gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mapipa. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, gari likaserereka na kusimama huku pua yake ikiwa imeshapita chini ya gogo.

Askari watatu walikuja mbio, bunduki mikononi. Walipoona lilivyoingia chini ya gogo, mmoja akaanza kucheka, na wenzake wakafuata.

"Hii ya nani?" aliuliza mkubwa wao.

"Ya kapteni wa Tororo, afande. Naijaribu kabla haijapelekwa kwa wakubwa."

"Na huyu mama?"

"Ndiye aliyeshona viti."

Askari akaviangalia viti, akavibonyeza. Kisha akamwambia Hajarah ashuke. Askari huyo alitaka kuendesha mwenyewe. Hajarah alisimama kando ya mapipa, akishika mgongo, akiwatazama wakirudi nyuma na kuondoka kwa kasi kuelekea Tororo. Mahmudu alikaa kiti cha pili, akisema kila mara, "Tumia gia, afande, tumia gia." Waligeuzia penye shule, wakarudi. Askari alishuka uso umejaa vumbi na furaha ya mtoto.

"Mwambie kapteni, yangu nataka nyekundu," alisema, akaamuru gogo liinuliwe.

"Nitamwambia," alisema Mahmudu, na Hajarah akapanda tena.

Upande wa Kenya, ofisa wa forodha aliuliza gari ni la aina gani. Mahmudu akasema halina aina. Namba ya chasi, ile inayogongwa kwenye chuma cha gari? Hakuipiga. Ofisa akafikiri kidogo, akasema watu wawili wanaweza kupita, gari haliwezi. Likasukumwa hadi uani, nyuma ya ofisi, wao wakaenda kwa mama yake Hajarah kwa miguu. Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Habibah.

Mahmudu alipata kazi kwa Maloba, mwenye gereji ya kuunda bodi za mabasi. Maloba alikuwa na moyo wa kujaribu. Alimleta tajiri mmoja kutoka Nairobi, mpenda magari ya mbio, wakaenda kulitazama gari uani kwa forodha. Yule tajiri alilipima, akalisifu sana, kisha akauliza kama Mahmudu angeweza kutengeneza mengine mia yanayofanana nalo.

"Hata ubavu wake wa kushoto haufanani na wa kulia," Mahmudu alijibu.

Tajiri alipeana naye mkono, akaondoka. Hakurudi.

Mwaka wa pili forodha walitaka uwanja wao, wakasema gari likatwe liwe chuma chakavu. Mahmudu aliomba alikate mwenyewe, wakamkubalia. Alikwenda asubuhi na patasi na nyundo, akidhani kazi itakwisha upesi. Ribiti zilikataa. Ilimbidi kuzipiga moja moja, jasho likimtoka, mpaka jua likainama.

Hajarah alipomletea chai alimkuta ameketi juu ya kipande cha bodi.

"Vipi?" aliuliza.

"Lilikuwa imara," alisema Mahmudu. Alipokea kikombe, akanywa, akarudi kazini kumalizia mlango.