Soli Laini za Yassir

Jina lilimganda Heritier kama magamba ya samaki. Mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Bangwe nzima, pale Kigoma, haikumwita vingine, na aliyelianzisha alikuwa Yassir, fundi injini za boti.

Ilikuwa hivi. Heritier, kuli wa magunia ya dagaa pale mwaloni, zinapofungwa boti za uvuvi, alianza kunyanyua vyuma kwenye jimu ya Mzee Castory, mtaa wa Gungu. Jimu yenyewe ni banda la mabati, ekseli ya gari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Siku ya kwanza akaenda na raba za kukimbilia, soli nene kama godoro. Akaweka chuma begani, akachuchumaa, soli ikabonyea upande mmoja. Chali. Miguu juu, anatapatapa. Yassir, mwamba wa pale, badala ya kumpa mkono akamrekodi. "Mcheki mgebuka katupwa botini," ndivyo alivyosema kwenye ile video. Jioni hadi wamama wanaoanika dagaa walikuwa nayo. Rozalia, muuza mitumba ambaye Heritier alikuwa bado anamtafutia maneno, alicheka mpaka akakaa chini.

Heritier aliliweka moyoni. Alichotaka ni kimoja: lile jina limhame, limwangukie aliyelizaa.

Njia aliipata kazini. Makuli wa Bangwe wanavua viatu kabla ya kukanyaga ubao wa boti. Mguu mtupu unaushika ubao, gunia linatulia. Kiatu laini kinacheza, na wewe unacheza nacho. Kumbe siyo miguu iliyomwangusha, ni lile godoro. Shida, Mzee Castory hataki mtu peku. Kopo lilishamvunja mtu dole la mguu. Basi zinatakiwa raba bapa, soli ngumu, karibu sawa na kuwa peku. Na ziwe za bei ya kuli.

Rozalia alipofungua belo, furushi la viatu vya mitumba, soko la Ujiji, Heritier alikuwa wa kwanza. Belo la Rozalia lina sheria yake: viatu vinamwagwa vimechanganyika, na aliyeshika mguu wa kulia ndiye mwenye kiatu. Aliyeshika wa kushoto hana kesi.

Akaanza kubonyeza visigino kwa dole gumba. Kinachobonyea, anatupa. Akapata raba ya turubai, nyeusi iliyopauka, soli bapa kama chapati. Akabonyeza, dole likagoma. Mguu wa kulia. Akaubana kwapani.

Ndipo Yassir akatokea, kifua mbele. Na pale kwenye lundo kulikuwa na raba nyeupe zinang'aa, soli imevimba kama andazi. Heritier akabonyeza moja, dole likazama. Akaichukua ya kushoto. Ya kulia akaiacha palepale, waziwazi.

"Rozalia, hizi usimwonyeshe mtu," alisema kwa sauti. "Hizi ndizo za wanyanyua vyuma wenyewe."

Yassir hakuuliza. Aliinama akabeba ya kulia. "Umeshika wa kushoto, Mgebuka."

Watu wakacheka.

"Kaka, nimeziona mimi kwanza."

"Sheria ni sheria. Au siyo, Rozalia?"

"Ndiyo hivyo," Rozalia alisema, lakini macho yake yalikuwa kwapani kwa Heritier.

Heritier akaiachia ile nyeupe polepole, kama mtu anayenyang'anywa mke.

Jumamosi alasiri Mzee Castory aliitisha mashindano: unachuchumaa na chuma, unainuka, wawili wamesimama pembeni kukidaka kikikushinda. Heritier akamwamkia, akasogea.

"Marahaba. Umekuja na viatu vya shule?"

"Shule yenyewe niliacha, Mzee. Vimebaki viatu."

Akakaa chini ya chuma. Vidole vya miguu vikaishika sakafu kama vinavyoushika ubao, gunia mgongoni, maji chini. Akashuka. Akapanda. Hakuna aliyecheka.

"Niongezeeni makopo," Yassir alisema. Asingekubali kubeba sawa na Mgebuka.

Wakamwongezea. Akashuka vizuri, lazima isemwe. Kupanda ndiyo ilikuwa ngoma. Kisigino cha kushoto kilizama, goti likaingia ndani, na wale wa pembeni wakakidaka chuma, mwenyewe akienda chali. Raba nyeupe juu, zinapiga hewa.

Hakuumia. Heritier alihakikisha hilo kwanza, kwa sababu mtu aliyeumia anahurumiwa, na yeye huruma hakuitaka pale.

"Nishike, mwanangu," Yassir alinong'ona.

Heritier akanyoosha mkono. Ulikuwa na simu, inarekodi.

Jumatatu, video imeshazunguka Bangwe nzima, Yassir alikuwa mwaloni ameinamia injini, Heritier anasubiri boti ifungwe apande. Rozalia akapita na mzigo wake, akaita, "Mgebuka!"

Wote wawili wakageuka.

Heritier ndiye aliyegeuka kwanza, na jambo hilo lilimuuma. Akavua raba zake nyeusi, akazipanga vizuri juu ya jiwe.

"Unaitwa," alimwambia Yassir, akakanyaga ubao.