Vyungu Nje, Mimi Ndani

Kutoka kizingiti cha mlango wangu mpaka banda la vyungu ni hatua kumi na tano. Nilizihesabu kwa macho, kwa sababu miguu yangu ilikuwa kwenye eda. Mume wangu Zuberi alifariki siku ya Jumatatu, baada ya alasiri, na tangu siku ile nilipaswa kukaa ndani miezi minne na siku kumi. Shemeji yangu Ismaël, mdogo wake Zuberi, ndiye aliyenionyesha mipaka: chumba changu cha kulala na kijia cha nyuma kinachokwenda chooni, ambako kuna ukuta. Uwanja hapana. Uzio wetu wa matete ulikuwa umeanguka upande wa njia, na njia ile ndiyo inayoshuka sokoni. Watu wanapita toka asubuhi mpaka jioni, na kila mmoja ana macho na mdomo.

"Uwanja usahau kwanza, shemeji," aliniambia. "Watu wa mtaa huu wa Tshopo tunawajua. Watakuona unakanda udongo, watasema kaburi ya kaka hata haijakauka."

Sikubisha. Niliishi na Zuberi miaka arobaini na moja, na nilitaka kumkalia eda yake vizuri, bila mtu kuja kuniambia siku hii ulikosea.

Kilichoniuma ni kwamba chini ya lile banda niliacha vyungu kumi na viwili vibichi. Nilikuwa nimekwisha kuvifinyanga na kuvisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, na shingoni nimevichora kwa kipande cha kibuyu kilichochongwa meno. Vilingoja moto tu. Chungu kisichopita motoni bado ni udongo. Kikinyeshewa kinarudi kuwa matope, na kazi yako yote inatiririka. Na udongo ule nisingeupata tena. Tuliuchimba mimi na Zuberi ukingoni mwa mto Tshopo, mahali alipokuwa akichimba mama yangu, udongo wa kijivu usio na changarawe hata moja. Mwezi mmoja baadaye mtu alikinunua kiwanja kile, akajenga ukuta, akamwaga saruji mpaka majini. Kwa hiyo vile kumi na viwili ndivyo vya mwisho. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa mtungi wa maji ambao mikono yangu miwili haikuweza kuuzunguka. Nilikuwa nimeufinyanga kwa siku nne, pete juu ya pete, huku Zuberi amekaa kwenye kiti chake akiniambia umepinda kushoto, umepinda kulia, na kila mara alikuwa anasema kweli.

Utauliza kwa nini sikuomba viingizwe ndani. Niliomba. Wiki ya kwanza Ismaël mwenyewe alijitolea. Akaenda bandani na kanzu yake nyeupe, akainamia chungu cha kwanza, akakishika mdomoni kama mtu anavyoshika sufuria. Akanyanyuka. Mdomo ukabaki mkononi, chungu kikabaki chini.

"Iko imevunjika yenyewe," akasema.

"Eh shemeji, yenyewe? Na hicho ulichoshika ni nini?"

"Bon, labda kilikuwa na ugonjwa."

Tulicheka wote wawili, ikawa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba. Lakini baada ya hapo nilikataza: mtu asiguse. Vikabaki kumi na kimoja.

Alibaki Colette, mke wa mwanangu Yusufu. Yusufu anafanya kazi Yangambi, anarudi kwa boti kila baada ya wiki kadhaa, na mke wake tunakaa naye. Colette ana mikono mizuri, lakini alikuwa na mimba ya miezi mitano. Na mama yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na sheria moja ambayo hakuitolea sababu: mwanamke mwenye mimba hasogelei chungu kibichi. Kikisogelewa kitapasuka motoni, na lawama itakuwa ya yule mwanamke. Mimi nilipobeba mimba ya Yusufu nilikaa miezi mitano bila kugusa udongo, nikiwa natazama mikono ya wenzangu. Colette nilimwambia sheria ile siku ya kwanza aliponiambia ana mimba, naye akaishika, ingawa kwao wanasali kanisani na mambo haya wanayacheka.

"Donc mama," alisema siku moja, amekaa mlangoni anachambua pondu, majani ya muhogo, "miguu yako iko kwenye eda, na mikono yangu iko kwenye eda. Nani atabaki huru kwa nyumba hii?"

"Kuku," nikamjibu.

Mikono yangu haijui kukaa bure. Nilianza kushona shuka la viraka, kila siku kiraka kimoja, ili nione siku zinavyokwenda. Nilipiga hesabu: siku mia moja na thelathini, safu kumi na tatu za viraka kumi. Fundi cherehani wa jirani alinitumia mfuko wa mabaki ya vitambaa vya pagne. Niliyakata yote kwa kipimo kimoja, kiganja changu na kidole juu yake. Kuna kiraka cha kijani chenye ndege, kuna cha maua ya rangi ya chungwa, kuna cha pazia letu la zamani tulipokuwa tunakaa Simi-Simi, na siku ya arobaini niliweka mkono wa shati la Zuberi la mistari. Nilishona kwa uzi mara mbili, mshono mdogo kama punje ya mchele. Sitasema uongo, nililifurahia shuka lile. Asubuhi nilikuwa nalitandaza kitandani nione rangi gani inaita rangi gani. Kitambaa kina huruma: ukikosea unafumua, unaanza tena. Lakini kila kiraka nilichomaliza nilinyanyua macho, na dirishani naliona banda, na chini yake vile vyungu vimekaa vinanitazama kama watu wanaongoja zamu kwenye ofisi iliyofungwa.

Mwezi wa pili chumba kilianza kunibana. Nililijua kila bati lenye kutu, na kila ufa wa sakafu nilijua unaanzia wapi na unaishia wapi. Mvua ndogo ikinyesha, harufu ya udongo inaingia, nami nafunga dirisha kwa sababu mikono inaniwasha. Banda lilikuwa na paa la majani lililozeeka, juu yake Zuberi alifunga bâche, turubai la bluu, kwa kamba. Kila upepo ulipovuma, macho yangu yalikwenda kwenye kamba zile.

Siku ya themanini na nane, Alhamisi, mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa mto. Upepo ulikuja kabla ya mvua. Kamba moja ikakatika, bâche ikapiga kofi mara mbili tatu, halafu ikaruka yote, ikaenda kukaa juu ya mpapai wa jirani.

"Mama!" Colette alitoka jikoni anakimbia. "Bâche imeenda!"

"Nimeona."

"Tufanye nini?"

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama sarafu. Majani yale ya zamani hayakuzuia kitu. Nilisimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu vimefika ukingoni. Njiani watu walikuwa wanakimbia kutoka sokoni na mabeseni kichwani, mmoja akanigeukia kabisa. Nikarudisha mguu. Vyungu viwili vya pembeni, vilivyokuwa chini ya tundu la paa, vilianza kubadilika rangi, kutoka kijivu cheupe mpaka kijivu cheusi, halafu vikalegea.

"Colette, vilete."

"Vipi?"

"Vyungu! Vilete ndani!"

Alinitazama, akaweka mkono tumboni. "Na sheria ya mama yako?"

"Mama yangu alikuwa na banda lenye paa zima. Nenda!"

Akaenda. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma: "Si mdomoni! Chini! Mkono mmoja chini, mkono mwingine ubavuni, kama unabeba mutoto muchanga!" Sakafu yangu ni ya saruji, nikaona vitagonga na kupasuka, basi nikalivuta shuka kitandani, viraka vyote themanini na saba, nikalitandaza chini. Chungu cha kwanza nilikipokea mlangoni kutoka mikononi mwake, kizito, cha baridi, nikakiweka juu ya wale ndege wa kijani. Miezi yote ile sikuwa nimegusa udongo. Sikupata nafasi ya kukifurahia, cha pili kilikuwa kimeshafika.

Alikwenda na kurudi mara nane. Nguo zilimganda mwilini, alikuwa anapumua kwa kinywa. Vile viwili vya tunduni vilikuwa tayari vimekuwa uji. Ukabaki mtungi.

Nilimwona anauinamia. Akaweka mkono chini, tumbo likamzuia. Akazunguka upande mwingine, akapiga goti moja kwenye matope, akaukumbatia.

"Uache!" nikamwambia.

"Mama, ninaweza!"

"Uache!"

"Si ndio wa papa Zuberi? Ngoja kidogo, ngoja tu..."

"Colette, nimesema toa mikono! Ukiinua huo, mi natoka hapa, na eda inavunjika, na itakuwa juu yako!"

Hilo ndilo lilimsimamisha. Alikuja akasimama karibu nami, anatetemeka, nikamfunika kanga yangu, tukatazama. Mtungi haukuanguka mara moja. Kwanza bega la kushoto lilizama, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Halafu mdomo ukapanuka, ukalala upande. Mapambo ya shingoni yalichanganyikana, sikuyaona tena. Maji yaliyokuwa yameingia ndani yakapasua tumbo na kutoka mara moja, na pale palibaki kichuguu cha matope na Colette alikuwa analia kunizidi.

Ismaël alifika mvua ilipokatika, na mkate wake wa kila Alhamisi. Hakupata mahali pa kuingia. Vyungu vimejaa sakafuni, mimi nimekaa kitandani na miguu juu. Alivua viatu, akakaa nje ya mlango.

"Na ule mkubwa?"

Nikamwonyesha kwa kidevu.

Akakigeukia kile kichuguu cha matope. "Lakini shemeji, kwa jambo kama hili ungetoka. Mungu si mutu mubaya. Mi ningekutetea."

"Ungenitetea kwa nani? Mpaka aliuweka nani?"

Aliukata mkate vipande vitatu, na kipande chake hakukila.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Chumba kilichokuwa kidogo kikawa kijia tu kati ya kitanda na vyungu. Nilisali kitandani nimekaa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kusujudia. Usiku sikuthubutu kushusha mguu. Viraka nilivishona kimoja kimoja bila kuviunga, maana shuka lenyewe lilikuwa chini ya udongo. Na hewa ya ndani ilikuwa nzito, vyungu havikauki upesi, kimoja kilianza kuota ukungu kitakoni. Ningevingojea mpaka nitoke, lakini vyenyewe visingeningoja.

Ismaël ndiye aliyesema. "Mi nitaleta kuni. Wewe utasema, sisi tutafanya."

Siku ya mia na tatu jua lilitoka vizuri. Niliweka kiti dirishani. Colette, tumbo sasa limefika puani kama alivyosema mwenyewe, alivipanga vyungu kuzunguka moto mdogo, mdomo ukitazama moto, avigeuze polepole mpaka vipate joto. Ismaël alikunja kanzu kiunoni akabeba matawi.

"Tuongeze kuni!"

"Bado."

"Moto iko inakufa, shemeji!"

"Shemeji, ulianza ufinyanzi lini? Tazama moshi. Ukiwa mweupe, maji yanatoka bado. Ngoja usionekane."

Moshi ulipokwisha wakavilaza, wakavifunika kwa maganda ya miti na makuti makavu, moto ukapanda. Nilishika vyuma vya dirisha. Kwa umbali ule sikuona kitu isipokuwa mwali. Halafu nikasikia: *po!* Kimoja. Na baada ya kidogo: *po!* Cha pili.

Colette aliacha fimbo ikaanguka. Alinigeukia na mikono yote miwili tumboni, na uso ule sitausahau.

"Ni mimi?"

Nilikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na kwa miaka yote hiyo neno la mama yangu sikuwahi kulipinga kwa sauti.

"Si wewe!" nikasema, kwa nguvu, Ismaël asikie, njia nzima isikie. "Ni unyevu. Nilivikausha vibaya, chumba kina unyevu. Okota fimbo yako."

Akaokota.

Jioni, jua likiwa bado lipo, walivitoa majivuni kwa fimbo ndefu, vyekundu, wakavinyunyizia maji ya maganda ya mti aliyoyachemsha Colette asubuhi, vikapiga kelele na kuweka madoa meusi. Vilikuwa sita. Vilipopoa, Colette alivileta karibu na dirisha, akavigonga kwa kifundo cha kidole. Mimi nilifumba macho nisikilize.

"Hicho kizima. Kingine. Kizima. Kingine."

Vinne vilikuwa vizima, cha tano kililia kwa sauti ya kuziba.

"Gonga tena."

Akagonga.

"Kina ufa."

"Wapi, mama? Mi sioni kitu."

"Kizungushe. Upande wa chini."

Alikizungusha mara mbili, akakisogeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha. Ismaël naye akaja kuchungulia. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele, karibu na kitako.

"Eh! Mama, umejuaje, na wewe uko mule?"

"Siku mia na tatu nausikiliza uwanja huu," nikamwambia. "Leta cha sita."

Akakiweka kile pembeni, akainama taratibu kuchukua kingine.