Siku Mke Wangu Alipojifungua

Mimi Boke wa Kisaka sikujaliwa mtoto. Kwa hiyo, kama mila yetu inavyoruhusu, nilitoa ng'ombe nikamwoa Wegesa, ili watoto atakaozaa wawe wa mji wangu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita ndoa hii ya mwanamke kumwoa mwanamke. Wanaocheka wacheke. Mimi nina mke, na nampenda kuliko wanaume wengi wanavyowapenda wao.

Uchungu ulipomshika, aliniomba nimpeleke hospitali ya serikali alikohudhuria kliniki. Nikakataa katakata. Kule si nasikia manesi wana midomo na vitanda ni vya kugombania! Mke wangu atazalia hospitali ya binafsi, kwenye vigae vinavyong'aa, kwa watu wanaojua kusema pole.

Na kweli walitupokea vizuri. Dada wa mapokezi aliniuliza kwa upole mimi ni nani wa mgonjwa. Nikaitazama sare yake iliyonyooshwa, nikaona haya.

"Mama yake mzazi," nikasema. Wegesa alinitazama, akageuzia uso ukutani.

Daktari Felix alimpima haraka. "Mama, mtoto amekingama tumboni. Lazima upasuaji, na mtaalamu wetu wa usingizi hayupo. Nimeshawapigia hospitali ya serikali, wanawasubiri. Gari letu linawapeleka sasa hivi."

Nilitaka kumgombeza. Lakini angeweza kutuweka pale kwa maneno matamu, na hakufanya hivyo. Mungu ambariki.

Kule tulipokewa na nesi Rhobi, na mdomo ulikuwa uleule niliousikia. "Mlikuwa wapi? Kliniki anahudhuria hapa, kuzaa mnampeleka kwingine!" Alifoka hivyo huku ameshamlaza Wegesa na kumshika mkono. "Wegesa, usiogope, niko na wewe." Wakaingia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi katikati ya wanaume waliokuwa wakiwasubiri wake zao. Niliogopa sana. Ubishi wangu ndio ulikuwa umemchelewesha. Sikuwaza tena habari ya mtoto wala mji wangu. Nilimwomba Mungu aniachie Wegesa tu.

Mlango ukafunguliwa, Rhobi akatoka na kifurushi cha kitenge kifuani.

"Mume wa Wegesa ni nani hapa?"

Wanaume wakatazamana. Mimi nikatazama sakafu.

"Mgonjwa kaniambia mume wake yuko nje. Yuko wapi?"

Nikainuka. "Ni mimi."

Nikangoja kicheko. Mmoja wa wale wanaume alianza kucheka, Rhobi akamkata jicho.

"Shikamoo, mama," Rhobi akaniambia. "Sasa ulikuwa umekaa kimya kwa nini? Mke wako mzima, anashonwa. Na huyu ni binti yako. Weka mkono chini ya kichwa. Hapo."

"Asante, mwanangu. Asante," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wanaume wote.

"Usimlowanishe mtoto," akanifokea.